Wakili akinyamaza, mteja anahesabu miaka

Kuna dakika chache katika mahakama zetu za Arusha ambazo ndugu wa mshtakiwa huwa hawazisikii vizuri, kwa sababu wanalia. Hakimu ameshalitamka neno "hatia". Mama aliyetoka kata ya Sokon I alfajiri, akiwa na chupa ya chai na chapati zilizofungwa kwenye kitambaa ambazo hajui kama ataruhusiwa kumpa mwanawe, ameinamisha kichwa kwenye benchi la nyuma. Hapo ndipo mahakama inapouliza kama kuna lolote la kusema kabla ya adhabu. Wakili anasimama. "Mheshimiwa, mteja wangu ni mkosaji wa mara ya kwanza, ana familia inayomtegemea, tunaomba mahakama imwonee huruma." Anakaa. Inaandikwa mistari miwili kwenye jalada. Hakimu anataja miaka, na askari magereza anagusa bega la mfungwa mpya.

Maneno yale hayatoshi kuitwa utetezi. Na mtu aliyefungwa baada ya utetezi wa namna ile anastahili njia iliyo wazi ya kurudi mbele ya majaji na kusema: adhabu yangu ipimwe upya, kwa sababu aliyepaswa kunisemea hakunisemea. Leo njia hiyo hapa kwetu ni ya kubahatisha, na tunataka iwe ya uhakika.

Kosa linaloonyesha jambo hili kuliko mengine ni kuua bila kukusudia. Kwa Kanuni ya Adhabu, kosa hilo linaweza kumpeleka mtu gerezani maisha. Lakini sheria haikuweka kiwango cha chini. Mwongozo wa utoaji adhabu ambao Mahakama ya Tanzania imewapa majaji na mahakimu unaligawa kosa hili katika ngazi tatu: ya juu inaanzia miaka 10 hadi maisha, ya kati ni miaka 4 hadi 10, na ya chini inaanzia kuachiwa kwa masharti hadi miaka 4. Yaani watu wawili wanaweza kukiri kosa lenye jina moja, siku moja, mmoja akarudi nyumbani na mwingine akazeekea ndani. Kinachowatenganisha ni habari zilizomfikia jaji kuhusu tukio lenyewe na kuhusu aliyelitenda.

Chukulia vijana wawili wa Sokon I, bodaboda wa kijiwe kimoja. Usiku wanagombana kwenye kilabu cha mbege kwa sababu ya deni la shilingi elfu tano. Mmoja anarusha ngumi moja, mwenzake anaanguka, kisogo kinagonga ukingo wa mtaro, na siku ya tatu anafariki. Aliyepiga anashtakiwa kwanza kwa mauaji, anakaa mahabusu kwa miaka, kisha Jamhuri inakubali akiri kosa dogo la kuua bila kukusudia. Sasa maswali yanayoamua miaka yake ni haya: nani aliyeanza? Kulikuwa na silaha? Baada ya mwenzake kuanguka alikimbia, au alimpakia kwenye pikipiki yake mwenyewe akampeleka hospitali? Alitafutwa na polisi au alijipeleka kituoni? Amekaa mahabusu muda gani? Familia mbili zimeshakutana? Huku kwetu, kwa Waarusha na kwa Wameru, suala la damu haliishii mahakamani. Laigwanani au mshili, yaani kiongozi wa kimila, huketi na koo zote mbili, na mara nyingine fidia hutolewa na watu wakasameheana kabla kesi haijaitwa. Je, jaji amelisikia hilo?

Kila jibu kati ya hayo lina karatasi yake au shahidi wake. Ipo barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ipo kadi ya kliniki ya mtoto anayeumwa. Yupo fundi aliyekuwa akimfundisha kazi. Pengine yupo mama wa marehemu mwenyewe, akiwa tayari kusema kwamba ametoa msamaha ulioombwa. Wakili akitenga nusu siku, akapanda bodaboda akaenda mtaani, anavikuta vyote hivyo. Na sheria inamruhusu kuvileta: mahakama inaweza kupokea ushahidi kabla ya kutoa adhabu ili ijue adhabu inayofaa. Ni ruhusa iliyoandikwa waziwazi katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, nayo haitumiki inavyostahili. Badala yake tunarudi kwenye "ana familia inayomtegemea". Nani hana? Jaji anayesikia maneno hayo kutoka kwa kila mshtakiwa hawezi kuyatumia kumtofautisha yeyote.

Kwenye mahakama za chini mambo ni hayo hayo, ila kwa makosa madogo. Aliyeiba simu au betri ya gari anaweza kupewa huduma kwa jamii, afagie soko au apande miti kwenye shule ya kata huku akilala kwake, maana Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu adhabu hiyo pale kifungo kisipozidi miaka 3. Lakini hakimu anahitaji ripoti ya ofisa anayehusika kuhusu maisha ya mtu huyo, na mara nyingi ripoti haitafutwi kwa sababu hakuna aliyeiomba. Wakili alipaswa kuiomba. Asiye na wakili hajui hata kama ipo.

Sasa tufike kwenye shimo lenyewe.

Mahakama zetu za rufaa zinafuata kanuni iliyowekwa tangu enzi ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Ogalo s/o Owoura ya mwaka 1954. Kanuni inasema mahakama ya juu haitabadili adhabu kwa sababu tu yenyewe ingetoa nyingine. Itaingilia kati endapo aliyehukumu alifuata msingi usio sahihi, au alisahau jambo la maana, au adhabu ni kubwa kupita kiasi kwa kuitazama tu. Ni kanuni ya busara na hatuombi ifutwe. Lakini tazama inavyomwacha kijana wetu. Anakata rufaa akisema: jaji hakufikiria kwamba nilimkimbiza mwenzangu hospitali, wala kwamba familia zetu zimepatana. Majaji wa rufaa wanafungua jalada. Wanakuta mistari miwili. Jaji wa kwanza hakusahau kitu, kwa kuwa hakuambiwa kitu. Rufaa inatupwa, na kwa kanuni ile imetupwa kihalali.

Kwa maneno mengine, sheria yetu inajua kusahihisha kosa la jaji. Ukimya wa wakili haina mahali pa kuuweka.

Tunawajua mawakili wa mji huu na hatutaki kuwapaka matope wote. Wapo wanaokwenda gereza la Kisongo kuonana na wateja wao zaidi ya mara moja kwa kesi ambayo haitawalipa hata mafuta ya gari. Tunajua pia kwamba wakili wa kupangiwa na mahakama mara nyingine analipata jalada kwa kuchelewa, anaonana na mteja kwenye korido akiwa na pingu, na anatakiwa kuendelea asubuhi hiyo hiyo. Tunajua kwamba hukumu na adhabu vinatolewa kwa mkupuo mmoja, hivyo hata mwenye nia njema hana saa ya kwenda mtaani. Na kuna ugumu mwingine ambao watu wa nje hawauoni: mteja aliyekana kosa tangu mwanzo, na anayetaka kukata rufaa, anaogopa kwamba akiomba msamaha ataonekana amekiri. Wakili mzoefu anajua namna ya kupita hapo. Anamwambia hakimu kwamba mteja anaiheshimu hukumu, haki yake ya rufaa iko pale pale, na kwamba anayoyaeleza sasa ni habari za umri wake, afya yake, kazi yake na watu wake. Asiye mzoefu ananyamaza akidhani anailinda rufaa. Ikija kushindwa, mteja amekosa vyote viwili.

Kuna makosa ambayo hata wakili hodari hana la kufanya. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kiwango cha chini cha miaka 30. Mji huu ulishuhudia hilo tarehe 15 Oktoba 2021, pale Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha ilipomhukumu aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai, Lengai ole Sabaya, na wenzake wawili miaka 30 kila mmoja. Walikuwa na mawakili. Hapakuwa na namna ya kushuka chini ya 30, aseme nani na kwa ufasaha upi. Nafuu yao ilitoka kwenye rufaa dhidi ya hatia yenyewe, na tarehe 6 Mei 2022 Mahakama Kuu ikaifuta hatia na adhabu pamoja. Kwa makosa ya aina hiyo tunaowadai majibu ni wabunge. Na tofauti nyingine iwekwe wazi: wapo wengi wanaosimama mbele ya hakimu wa wilaya kwa kosa hilo hilo la miaka 30 bila wakili yeyote. Alex Thomas alihukumiwa hivyo Rombo. Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema kwamba kwa shtaka zito namna ile serikali ilipaswa kumpatia wakili wa bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 sasa inampa hakimu na jaji uwezo wa kuagiza msaada huo pale haki inapohitaji. Uwezo huo utumike.

Mahakama hiyo ya Afrika iko hapa hapa Arusha. Tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, ilisema kwamba adhabu ya lazima ya kifo kwa mauaji inavunja haki ya kuishi, kwa kuwa inamnyima jaji nafasi ya kumtazama mtu aliye mbele yake. Ikaagiza sheria irekebishwe na wale waliohukumiwa wasikilizwe upya kuhusu adhabu, ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita bila utekelezaji. Wiki moja tu kabla ya hukumu hiyo, Tanzania ilikuwa imeshatoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu wananchi kwenda wenyewe mbele ya mahakama hiyo, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa. Mkazi wa Sokon I hawezi kupeleka humo shauri jipya kwa jina lake. Inatuuma, na tunaomba serikali irudishe tamko lile.

Majirani wamekwenda mbele. Kenya, tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kusikilizwa kuhusu adhabu ni sehemu ya kesi ya haki, na kumnyima mtu nafasi hiyo ni kumnyima haki yenyewe. Uganda ilikwishafuta adhabu ya lazima ya kifo mwaka 2009 katika kesi ya Susan Kigula na wenzake. Kigula alirudishwa mbele ya jaji, akasikilizwa, akapewa miaka 20 mwaka 2011, na mwaka 2016 akatoka gereza la Luzira akiwa mzima. Hebu fikiria: mtu yule yule, kosa lile lile, ila safari hii kuna aliyemsikiliza.

Marekani ndiko hoja hii ya wakili mzembe ilikopewa jina na kipimo. Mwaka 1984, katika kesi ya Strickland dhidi ya Washington, Mahakama ya Juu ilisema mfungwa anayemlalamikia wakili wake athibitishe mambo mawili: kwamba kazi ya wakili ilikuwa chini ya kiwango, na kwamba kuna uwezekano wa kweli matokeo yangekuwa tofauti kama ingefanywa vizuri. Kesi ile ilihusu hasa hatua ya adhabu, na mlalamikaji, David Washington, alishindwa. Adhabu yake ya kifo ilitekelezwa ndani ya mwaka huo huo. Kipimo ni kigumu. Lakini mwaka 2003 Kevin Wiggins alishinda kwa kipimo hicho hicho, kwa sababu mawakili wake hawakuyachunguza maisha ya utotoni mwake, na baraza la wazee wa mahakama halikusikia mateso aliyopitia. Tungeanza na kipimo hicho, kikilegezwa kidogo kwa nchi ambayo mawakili wake wanafanya kazi bila wachunguzi na bila fedha.

Hata Arusha hoja ya jinsi hii si ngeni. Mwaka 1998, mbele ya mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyoketi kwenye majengo ya AICC, Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari, alikiri mashtaka na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Akakata rufaa. Alilalamika kwamba hakupewa wakili aliyemtaka, na kwamba majaji hawakuyapa uzito mambo yaliyopaswa kumpunguzia adhabu, kukiri kwake kukiwamo. Oktoba 2000 majaji wa rufaa walizikataa hoja zake na adhabu ikabaki. Hatumlilii Kambanda. Tunachokumbuka ni kwamba malalamiko yake yalisomwa na kujibiwa kwa maandishi, hoja baada ya hoja. Kijana aliyerusha ngumi moja kwenye kilabu cha mbege hastahili kusikilizwa kwa uchache kuliko huyo.

Mahakama ya Afrika nayo imesema kwamba ubora wa utetezi kwa kawaida ni jambo la mteja na wakili wake, na kwamba dola inawajibika pale udhaifu ulio wazi unapofikishwa mbele ya mahakama. Sawa. Lakini nani ataufikisha? Aliye kizimbani hajui kwamba kulikuwa na ushahidi wa kuletwa baada ya hatia. Anadhani kesi imekwisha. Kwa hiyo tunaomba jaji na hakimu waulize wenyewe, na jibu liandikwe kwenye mwenendo wa kesi: "Umeonana na wakili wako lini kuzungumzia adhabu? Kuna mtu au karatasi ungependa tuione?" Maswali mawili, dakika mbili. Na pale ambapo adhabu inaweza kuanzia kuachiwa hadi maisha, shauri liahirishwe angalau siku saba kati ya hatia na adhabu. Mtu aliyekaa mahabusu miaka hatapungukiwa kitu kwa siku saba.

Ikishindikana huko chini, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zikubali wakili kutosema kuwa sababu ya rufaa inayojitegemea. Nyenzo ipo: Mahakama Kuu inaweza kupokea ushahidi wa ziada wakati wa rufaa. Mfungwa alete hati za kiapo zenye yale ambayo hayakusemwa, wakili wa kwanza aitwe ajibu, kisha majaji wajiulize kama habari hizo zingeweza kugusa idadi ya miaka. Wapo watakaosema kila mfungwa atamsingizia wakili wake. Atakayekuja mikono mitupu ataondoka mikono mitupu. Anayedai kwamba familia zilipatana ataleta wazee waliopatanisha. Tena rufaa yenyewe ni ya kuogopwa, maana Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza adhabu kama ilivyo na uwezo wa kuipunguza.

Jambo hili lina haraka kwa sababu nafasi ni moja. Kwa kesi iliyoanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, ukubwa wa adhabu unapimwa na Mahakama Kuu tu. Mahakama ya Rufani, katika rufaa hiyo ya pili, inasikiliza hoja za sheria, na urefu wa kifungo hauhesabiwi humo. Ukiipoteza nafasi ya Mahakama Kuu umeshapoteza.

Chama cha Mawakili Tanganyika kimefanya mikutano yake mikuu mingi hapa Arusha. Kingefanya jambo kubwa kama mkutano mmoja ungetoka na kanuni kwa wanachama: hakuna kusimama kuomba nafuu ya adhabu bila kuonana na mteja na angalau mtu mmoja wa nyumbani kwake. Na serikali, inapomlipa wakili wa kupangiwa, ihesabu na siku ya kwenda mtaani. Wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu cha Makumira wapo jirani. Kukusanya barua na kadi za hospitali ni kazi wanayoiweza, na itawafundisha mengi.

Wakati hayo yakisubiriwa, mwenye ndugu aliyehukumiwa wiki hii ayajue haya. Kama hukumu ilitoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, notisi ya kusudio la kukata rufaa inatakiwa ndani ya siku 10, na hati ya rufaa ndani ya siku 45. Siku zinazotumika kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hazihesabiwi katika hizo 45. Kama alihukumiwa na Mahakama Kuu, notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani ni ndani ya siku 30. Aliyekiri kosa naye anaweza kukata rufaa kuhusu adhabu. Mfungwa anaipeleka notisi yake kupitia kwa mkuu wa gereza, bila gharama ya wakili. Ndugu waliobaki nyumbani wasingoje nakala ya hukumu ndipo waanze kukusanya vielelezo. Waanze na mwenyekiti wa mtaa, naye akiandika barua aandike aliyoyaona kwa macho yake, ataje mwaka alioanza kumfahamu aliyehukumiwa, atie tarehe, saini na muhuri.